Istilahi za Orodha ya Mvinyo: Kutoka Paa la Hoteli hadi Migombani Kinyala

Utangulizi

Kazi ya istilahi kwa kawaida huhusishwa na maabara, mahakama na darasa. Ni wachache wanaodhani kuwa inaweza kuanzia katika kitabu chembamba kinachowekwa mezani na mhudumu wa hoteli. Hata hivyo orodha ya vinywaji ni hati kama hati nyingine. Ina bei, ina vipimo, ina maelezo ya ubora, nayo ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi. Asiyeweza kuisoma hawezi kuipima, na asiyeweza kuipima hununua jina tu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayofaa kutumiwa katika kuieleza na kuipima orodha ya mvinyo. Mfano tulioutazama ni orodha ya hoteli moja ya ghorofa jijini Dar es Salaam, ambayo baa yake iko juu ya paa. Orodha hiyo ina maelezo ya Kiingereza, na chini ya kila maelezo pamewekwa tafsiri ya Kiswahili. Tafsiri hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Ili kuyapima maneno hayo tuliyapeleka Kinyala, kata mojawapo ya wilaya ya Rungwe, ambako mwandishi wa makala haya alilelewa. Huenda msomaji akauliza: Kinyala na mvinyo wapi na wapi? Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi, ya migomba na ya chai. Si nchi ya mizabibu. Mtu wa huko hana neno la Kiingereza la mvinyo lililojificha nyuma ya neno la Kiswahili analoambiwa. Akilielewa, amelielewa kwa Kiswahili. Asipolielewa, kosa ni la istilahi wala si lake. Aidha, vijana wengi wa Tukuyu na vijiji vyake huenda mijini kutafuta kazi katika hoteli, na ndio watakaoulizwa na mgeni: “Huu mvinyo ukoje?”

Jina la kinywaji chenyewe

Tatizo la kwanza ni jina. Kiswahili kina maneno matatu yanayogombea dhana moja: mvinyo, divai na waini. Mvinyo limetokana na Kireno, divai limetokana na Kifaransa, na waini limetokana na Kiingereza. Kila moja ni alama ya wageni waliopita katika pwani yetu kwa nyakati mbalimbali.

Wingi huu wa majina usingekuwa na madhara kama yote yangekuwa na maana moja. Haikuwa hivyo. Katika matumizi ya zamani mvinyo liliweza kumaanisha pia kileo kikali kilichokenekwa, na hata leo wako wazee wanaolielewa hivyo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 hutumia divai katika habari ya arusi ya Kana, Yohana sura ya 2, na hutumia mvinyo katika Waefeso 5:18 inapokataza ulevi, ingawa neno la Kigiriki ni lile lile mahali pote pawili. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kuwa divai ni kinywaji cha arusi na ibada, na mvinyo ni kinywaji cha walevi. Lugha ya asili haikuweka tofauti hiyo; imeletwa na tafsiri.

Jambo hili si la mezani tu. Sheria za ushuru wa bidhaa za Tanzania hutenganisha bia, mvinyo na pombe kali, na kila kundi lina kiwango chake. Zaidi ya hayo, mvinyo ambao zabibu zake za nchini zinazidi asilimia 75 hutengwa na mvinyo mwingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ni kubwa. Mtafsiri akiandika mvinyo mahali pa pombe kali, au akatumia divai katika kifungu kimoja na mvinyo katika kingine, atakuwa amefungua mlango wa kesi.

Kwa hiyo yafaa tuanze na mpango wa dhana kabla ya kugawa majina. Vileo vyetu vyaweza kuwekwa katika mafungu manne kwa kufuata asili yake. Fungu la kwanza ni vile vya nafaka, ambavyo huhitaji kimea ili wanga ugeuke sukari kwanza. Humu imo bia, na imo kimpumu, pombe ya ulezi ya Wanyakyusa, ambayo hunywewa kwa mirija huku ikiongezwa maji ya moto. Fungu la pili ni vile vya utomvu, kama tembo la mnazi na ulanzi wa mianzi wa Iringa na Njombe. Fungu la tatu ni vile vya matunda, ambayo tayari yana sukari yake. Fungu la nne ni vile vilivyokenekwa, yaani vilivyochemshwa na mvuke wake ukapozwa, kama konyagi.

Pendekezo letu ni kwamba pombe libaki jina la jumla. Mvinyo liwe jina la fungu la tatu, na pale inapohitajika isemwe wazi kuwa ni mvinyo wa zabibu. Pombe kali liwe jina la fungu la nne. Divai libaki katika lugha ya ibada, ambamo limeshika mizizi na halina haja ya kung’olewa. Waini ni neno la mazungumzo. Halikatazwi, lakini halifai katika hati.

Mambo ambayo orodha haina budi kueleza

Orodha iliyo nzuri hujibu maswali sita: kinywaji ni cha aina gani, kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani, kwa zabibu zipi, za msimu gani, na kinauzwa kwa kipimo gani na bei gani. Maelezo ya ladha huja baada ya hayo. Orodha inayoanza kwa sifa na kuficha kipimo ni tangazo la biashara, si orodha.

Kipimo ndicho jambo jepesi kulihakikisha, na ndicho husahauliwa zaidi. Chupa ya kawaida ya mvinyo ina mililita 750. Ikimiminwa kwa glasi za mililita 150 hutoa glasi tano. Ikiwa glasi moja inauzwa shilingi 15,000 na chupa shilingi 60,000, mnywaji wa glasi tano hulipa shilingi 75,000 kwa kitu kile kile. Hakuna ubaya katika tofauti hiyo, maana chupa iliyofunguliwa huharibika na muuzaji hubeba hasara. Ubaya upo pale orodha inaposema “glasi” bila kutaja mililita, kwa kuwa glasi si kipimo.

Asili ya kinywaji ndipo penye jambo zito zaidi. Katika orodha tuliyoitazama, mvinyo wa Ufaransa umetajwa kwa jimbo lake, na mvinyo wa Afrika Kusini kwa bonde lake. Mvinyo wa Dodoma umewekwa mwisho kwa maneno manne: “mvinyo wa kienyeji, mtamu.” Neno kienyeji lina sifa njema linapohusu kuku. Linapohusu kinywaji humkumbusha msomaji pombe ya kienyeji, yaani ile isiyopimwa kiwandani na isiyo na nembo. Mvinyo wa Dodoma hauko katika fungu hilo. Zabibu hulimwa huko kwa ajili ya viwanda, kipo kituo cha utafiti cha Makutupora ambacho jina lake limepewa aina ya zabibu nyekundu inayostawi huko, na hulimwa pia aina zinazojulikana duniani kote kama Chenin Blanc na Syrah. Wala si kweli kwamba mvinyo wote wa Dodoma ni mtamu.

Mkulima wa Hombolo hatakuwapo juu ya paa la hoteli kujitetea. Kinachomtetea ni neno lililoandikwa kando ya bei. Kama jirani yake wa Ufaransa ametajwa kwa mahali, naye atajwe kwa mahali: mvinyo wa Dodoma.

Hali kadhalika neno mwaka lahitaji uangalifu. Katika nchi za Ulaya mizabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, hivyo mwaka ulioandikwa kwenye chupa hutosha kuonyesha mavuno. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Istilahi inayotufaa basi ni msimu wa mavuno, na orodha iliyo kamili itataja mwezi pamoja na mwaka. Hapa hatukopi dhana jinsi ilivyo, bali tunaipanua ilingane na nchi yetu.

Maneno ya ulimi

Sasa tuje kwenye ladha, ambako watafsiri wengi hudai kuwa Kiswahili hakina maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limefuata desturi ya kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za nje. Ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya. Kwa ladha za mvinyo hakuna haja ya kwenda mbali hata hivyo. Maneno yapo, ila yamekaa jikoni na shambani, nasi tunayatafuta katika kamusi za wageni.

La kwanza ni ukakasi. Siku hizi neno hili husikika katika magazeti na mikutano: jambo fulani “lina ukakasi”, maana yake halikubaliki kwa urahisi. Vijana wengi wanalijua kwa maana hiyo ya sitiari tu. Kinyala maana yake ya asili ingali hai. Mwambie mtu aume ndizi mbichi, na ataeleza jinsi ulimi unavyokauka na kukwaruza kana kwamba umepakwa unga. Huo ndio ukakasi, na sababu yake ni tanini iliyomo katika ndizi. Tanini hushikamana na protini za mate, na mate yakapoteza utelezi wake. Ndizi inapoiva, tanini hujifunga yenyewe kwa yenyewe, na ukakasi hupungua.

Tanini iyo hiyo imo katika maganda na kokwa za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndiyo maana una ukakasi kuliko mweupe. Vitu vya namna hiyo vimo pia katika majani ya chai. Mnywaji wa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika huujua ukakasi bila kufundishwa, na anajua kuwa maziwa huupunguza. Sababu ni kwamba protini za maziwa huishika tanini kabla haijafika kwenye mate. Kwa sababu hiyo hiyo mvinyo wenye ukakasi mwingi hulainika unaponywewa pamoja na nyama au jibini. Mwalimu wa chuo cha hoteli anaweza kulifundisha somo hili zima kwa birika moja la chai ya Rungwe, bila kufungua chupa.

La pili ni ukali wa tunda, kama ule wa ndimu au embe bichi. Hapa tunayo maneno matatu, na kila moja lina mtego wake. Ukali ndilo tulilolisikia zaidi Kinyala, lakini halifai, kwa kuwa pombe kali ni jina la vileo vilivyokenekwa. Mgeni akiambiwa kuwa mvinyo ni mkali atadhani una kilevi kingi. Uchachu nalo lina hatari kubwa zaidi, maana kitu kilichochacha kimeharibika, na hakuna hoteli itakayosifu mvinyo uliochacha. Ugwadu ndilo neno halisi la ukali wa tunda. Ni neno la pwani, na katika nyanda za juu si wengi walilizoea. Tunalipendekeza tukijua kuwa litahitaji kufundishwa. Afadhali neno la Kiswahili linalofundishwa mara moja kuliko neno lililozoeleka linalopotosha kila siku. Uchachu tuuachie kazi yake yenyewe: kazi ya chachu, na hali ya kinywaji kinachoelekea kuwa siki.

La tatu ni uchungu, ambalo halina shida ila lisichanganywe na ukakasi. Mwarobaini ni mchungu. Ndizi mbichi ina ukakasi. Uchungu huonjwa, ukakasi huguswa.

La nne ni harufu. Kiswahili kimebarikiwa tofauti ambayo lugha nyingi hazina katika kitenzi kimoja. Kitu kibaya hunuka; kitu kizuri hunukia. Katika orodha yetu tulikuta “mvinyo unaonuka matunda”. Irabu moja imedondoka, na bidhaa ya shilingi elfu sitini imegeuka uvundo.

La tano ni uzito. Mama apikaye uji anajua uji mzito na uji mwepesi, na hakuna anayedhani kuwa ameupima kwenye mizani. Mvinyo nao mdomoni huwa mzito au mwepesi, kutegemea kilevi, sukari na vitu vilivyoyeyuka ndani yake. Orodha tuliyoitazama imeandika “mvinyo wenye mwili mkubwa”. Kinyala maneno hayo yalileta kicheko, na kicheko ni kipimo kizuri cha istilahi iliyoshindwa.

La sita ni kukolea. Chai hukolea, chumvi hukolea, rangi hukolea. Mvinyo ambao ladha yake imejaa na kudumu umekolea, na sifa hiyo yaweza kuitwa ukolevu.

Maneno mawili yanayopotosha

Tafsiri ya neno kwa neno imeleta maneno mawili ambayo yanastahili kutajwa peke yake. La kwanza ni “mvinyo mkavu”. Kwa Kiingereza mvinyo ambao sukari yake karibu yote imegeuka kilevi husemwa kuwa ni mkavu. Kwa Kiswahili kavu lina kazi nyingine. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Zabibu kavu ni zabibu zilizoanikwa. Anayesoma “mvinyo mkavu” anaweza kudhani kuwa ni kinywaji kisicho na cha kutafunia, au kilichotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa. Mbaya zaidi, anaweza kudhani kuwa ni ule unaokausha ulimi, ilhali hiyo ni kazi ya ukakasi. Mvinyo mweupe usio na sukari huweza kukosa ukakasi kabisa, na mvinyo mwekundu mtamu huweza kuwa nao. Dhana mbili tofauti zikishiriki neno moja, mhudumu hawezi kumshauri mgeni. Isemwe tu mvinyo usio mtamu, mvinyo mtamu kidogo, na mvinyo mtamu.

La pili ni “joto la chumba”. Orodha inaagiza mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Usemi huu ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zilizokuwa na ubaridi, na maana yake ni nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi. Chumba cha Tukuyu usiku wa Julai hakiko mbali na hapo. Juu ya paa Dar es Salaam, ambako mchana joto hukaribia nyuzi 30, agizo hilo humpa mgeni kinywaji cha vuguvugu. Mtafsiri aandike nyuzi, si chumba.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kileo kitokanacho na zabibu: mvinyo wa zabibu.
Kileo kilichokenekwa: pombe kali.
Kiasi cha kileo kilichomo katika kinywaji: kiwango cha kilevi, kwa asilimia.
Mahali zabibu zilipolimwa: asili, lisitumike neno kienyeji.
Wakati wa kuvunwa: msimu wa mavuno.
Hisia ya tanini ulimini: ukakasi.
Ukali wa asili wa tunda: ugwadu.
Kazi ya chachu: uchachushaji.
Unene wa kinywaji mdomoni: uzito.
Wingi na udumifu wa ladha: ukolevu.
Ladha ibakiayo baada ya kumeza: baki la ladha.
Mvinyo utoao viputo: mvinyo wa povu.
Mtu apimaye kwa kuonja: mwonjaji, kazi yake: uonjaji.
Baa iliyo juu ya jengo: baa ya paani.

Kuhusu hiyo ya mwisho, yafaa tukumbuke kuwa sakafu, neno ambalo leo ni la chini ya miguu, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na paa bapa ambalo watu waliweza kulikanyaga, hivyo paa la mmoja lilikuwa sakafu ya mwingine. Paa la Kinyala ni la mteremko kwa sababu ya mvua, na hakuna aketiye juu yake. Kiambishi -ni kitamsaidia msomaji wa bara kuelewa kuwa pametajwa mahali.

Hitimisho

Tumeona kuwa kati ya maneno ya ladha yanayohitajika kuieleza orodha ya mvinyo, karibu yote tayari yanatumiwa na watu ambao hawajawahi kuiona orodha hiyo. Muuza ndizi ana ukakasi, mpika uji ana uzito, mnywa chai ana ukolevu. Kazi ya mkuza istilahi ilikuwa kuyatenganisha mipaka yake ili kila neno libebe dhana moja.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya utalii, watafsiri wa sheria na maofisa wa leseni wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee yale yatakayokataa kukaa vizuri midomoni mwa watu. Hasa tungependa kusikia kutoka Dodoma, kwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, wanaitaje ugwadu wa zabibu wanapozionja shambani kabla ya kuzivuna. Kama wanalo neno lao lililo bora kuliko la pwani, basi hilo ndilo litakalostahili kuandikwa.